Kuni za Pangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Filomena alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kuokota kuni. Mama yake alipomuuliza, "Hizi ni kuni au vijiti vya meno?" alicheka tu na kukimbilia shule.

Likizo ilipofika, Mjomba Fransisko alimchukua wavuke milima ya Uluguru, wamlete Bibi Kristina kutibiwa macho mjini Morogoro. Lori la kijiji cha ujamaa alikoishi Bibi lilikuwa limelala kwa kukosa petroli, hivyo safari ilikuwa ya miguu. Walibeba mablanketi, sufuria na unga.

Jioni walifika kwenye pango karibu na kilele. Ndani walikuta kuni kavu zimepangwa vizuri.

"Nani kaziweka, Mjomba?"

"Aliyelala hapa kabla yetu. Nasi tutamwekea ajaye. Ndiyo desturi ya njia hii, maana huku juu mvua haipigi hodi."

Asubuhi, kuni zote zikiwa zimeteketea usiku, Mjomba alikwenda kuchota maji, akamwachia Filomena kazi ya kuni. Lakini nje ya pango palikuwa na matunda pori yaliyoiva, na Filomena na matunda hawakuwahi kugombana. Mjomba aliporudi aliuliza, "Umeweka kuni?"

"Nimeweka, Mjomba."

Mjomba alimwamini bila kuchungulia ndani, wakaondoka.

"Shikamoo, Bibi," Filomena alisema walipofika kijijini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea nikuone." Bibi alimpapasa uso wote kwa vidole, akatabasamu. Filomena alimpenda mno.

Walipoanza kurudi, Bibi alitembea kwa kupapasa njia na fimbo aliyochongewa na marehemu mumewe. Karibu na kilele mvua kubwa iliwanyeshea. Waliingia pangoni wamelowa chapachapa. Hapakuwa na hata ukuni mmoja, na Bibi alikuwa akitetemeka.

Mjomba alimtazama Filomena. Filomena akaangua kilio.

"Sikuweka, Mjomba. Nilikudanganya. Nilikuwa nakula matunda."

Mjomba alitoka na panga, akarudi na kuni mbichi. Alipoziwasha zilitoa moshi mtupu, na kiberiti kilikuwa kinaelekea kwisha. Ndipo Bibi akanyoosha fimbo yake.

"Pasua hii. Ni kavu."

"Mama! Hii aliichonga Baba!"

"Angekuwapo angeipasua mwenyewe. Huoni mtoto amelowa?"

Mjomba aliipasua vipande vyembamba, moto ukashika. Filomena alilia kwa uchungu. Bibi akamvuta ndani ya blanketi lake.

"Bibi, kesho utatembea na nini?"

"Na wewe."

Kulipokucha, Filomena hakungoja kuambiwa. Alikusanya kuni, akazipanga ukutani zikauke, mpaka Mjomba akamwambia zinatosha. Kisha akampa Bibi bega lake, wakaanza kuteremka polepole.

"Jiwe, Bibi. Hapa tope."

Bibi alimbana bega kwa upole. "Mjukuu wangu, ulipoacha kuweka kuni, ulidhani ajaye ni nani?"

"Sikujua, Bibi. Mtu tu."

"Kumbe alikuwa mimi. Na hata asingekuwa mimi, angekuwa bibi wa mtu. Kazi ya kumfaa usiyemjua usiifanyie uongo."

Filomena alifuta machozi kwa kiganja.

"Mzizi, Bibi," alisema, na Bibi akanyanyua mguu.