Aliyegonga Milango Miwili

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipovuka barabara kumwita fundi milango. Alitaka komeo la tatu, leo leo, kabla giza halijaingia.

"Una makomeo mawili na kufuli juu," fundi alisema. "Umeficha dhahabu humo?"

Mshonaji hakucheka. Yule fundi mzee akabeba kisanduku chake cha vifaa, akamfuata.

Habari yake mtaa mzima uliijua. Dada yake mkubwa, dobi, alikuwa akipigwa na mumewe, na kila akipigwa alikimbilia kwa mdogo wake. Mume naye alikuwa akimfuata huko huko. Mara mbili alivunja dirisha. Mara ya pili mshonaji alichoka, akatia nondo madirishani, akamwambia dada yake bila kupepesa macho: jua likizama, simfungulii mtu. Hata wewe.

Jioni moja dada akaja. Aligonga kwa kiganja, akaita kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ni mimi. Niko peke yangu."

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli. Hakukanyaga. Hakujibu. Mwishowe kugonga kukakoma.

Asubuhi walimkuta dobi barazani pale pale kwa mdogo wake, amejikunja kama nguo iliyoanguka kambani, damu imemkauka sikioni. Daktari alisema alikata roho alfajiri.

Mume alitiwa ndani. Miezi miwili ikapita, kimya. Kisha jioni moja kugonga kukaanza upya...

Sasa fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Ilitangulia harufu. Pasi ya moto juu ya nguo mbichi.

Bisibisi ikatulia mkononi mwake.

Pa. Pa. Pa.

"Umesikia?" mshonaji alinong'ona.

Midomo ya mzee ilikuwa imepauka. "Usifungue."

"Unamjua ni nani?"

Fundi aliiweka bisibisi chini.

"Siku ile alianzia kwangu," akasema. "Aligonga sana. Nikazima taa, nikanyamaza... ndipo akavuka kuja kwako."

Mshonaji alimtazama. Huyu ndiye aliyempa pole kila asubuhi. Huyu huyu ndiye aliyesema msibani, mbele za watu, kwamba ndugu wengine wana mioyo ya mawe.

Akafungua kufuli, akavuta komeo la kwanza. La pili. La tatu, jipya, likakwama. Akalisukuma kwa kiganja mpaka likaachia.

"Mwanangu, nakuomba..."

Akafungua.

Barazani hapakuwa na mtu.

Ubaridi ukampita shavuni, polepole, kama mgeni anayeingia kwa adabu. Harufu ikazunguka cherehani, ikatua kwenye kitanda kidogo cha pembeni, pale dada mtu alipokuwa akijinyoosha zamani, siku za kupokelewa.

"Karibu, dada," mshonaji alisema. "Nisamehe."



Baada ya kitambo harufu ikainuka. Ikasimama mbele ya fundi, aliyekuwa amebana mgongo ukutani, macho ameyafumba. Ikamkalia pale, muda mrefu. Kisha ikatoka.

Tangu siku hiyo kwa mshonaji hakujagongwa tena.

Kunagongwa ng'ambo.

Kila jioni mlango wa fundi hutikisika, na mbele yake hakuna mtu. Mzee amepigilia makomeo mpaka yamefika saba. Amekonda, kazi hafanyi, watu wanasema ni homa. Hakuna anayeketi karibu naye, kwa sababu nguo zake zinanuka pasi.

Juzi mshonaji alikuwa barazani akipinda sketi ya mteja, akautazama ule mlango ukiruka kwenye bawaba zake. Dirisha la fundi likafunguka kidogo.

"Jirani," mzee aliita akilia. "Kwako aliondoka. Mwanangu, niambie, ulimwambia nini?"

Angeweza kumjibu bila hata kunyanyuka kitini. Mfungulie, basi. Umwombe radhi.

Mshonaji aliukata uzi kwa meno, akatia mwingine kwenye sindano, akaendelea kushona.