Gari la Kuchezea la Mwalimu wa Nidhamu

"Kaka, toa mkono. Hilo gari nimeliona mimi kwanza."

Mwanamume aliyeambiwa hayo hakuutoa mkono. Alikuwa amechutama mbele ya turubai la Zabibu, muuza mitumba wa soko kuu la Tabora, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania gurudumu la nyuma la gari dogo lililojaa vumbi. Jeska Bundala naye alikuwa amelishika kwa mbele. Watu waliwapita huku na huku, bajaji zikapiga honi langoni, na mama mmoja aliyebeba beseni la dagaa akawaomba kwa hasira wasogeze miguu.

"Dada, una mtoto?" aliuliza yule mwanamume.

"Sina. Wewe?"

"Sina."

"Basi hakuna aliyemzidi mwenzake. Achia."

Alicheka, lakini hakuachia. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikono ina mistari, kalamu mbili mfukoni, na viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Tabora lilimwogopa. Jeska alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na miwani mikubwa ya fremu nyeusi. Miwani ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipima watu macho na kutengeneza fremu katika duka moja la mtaa wa Kanyenye.

Zabibu ndiye aliyewaamulia. Gari lilikuwa pale turubaini, lakini rimoti yake alikuwa ameitupa kwenye boksi la nyaya na chaja mbovu. "Mmoja achukue gari, mwingine achukue rimoti, mniondokee," alisema. "Mnanizibia wateja."

Wakafanya hivyo kwa ukaidi tu: Jeska akanunua gari, mwanamume akanunua rimoti. Walipofika langoni ndipo walipotazamana, kila mmoja na kitu kisichoweza kumfaa peke yake.

"Naitwa Prosperi Nibitanga," alisema mwanamume. "Ni mwalimu."

"Wa somo gani?"

Alisita. "Hisabati. Na nidhamu."

Jeska alicheka hadi akavua miwani. "Mwalimu wa nidhamu anagombania gari la kuchezea sokoni!"

"Tafadhali, punguza sauti," alisema Prosperi, akitazama nyuma yake.

Jeska alidhani anatania. Wakapeana namba za simu.

Ukweli ni kwamba Jeska alikuwa na njaa ya zamani. Baba yake, Mzee Bundala, alikuwa dereva wa treni, na mwaka mmoja alimletea kutoka Dar es Salaam gari jekundu la rimoti. Jeska alilikimbiza kwenye saruji ya nyumba za reli, akalifungua, akalifunga, hadi akawa anazijua skrubu zake gizani. Kisha shangazi mmoja akasema msichana aliyeota matiti hakimbizi magari. Jeska akaliweka chini, na miaka ikapita asijue kwamba kuna kitu alikuwa amekikosa.

Prosperi naye alikuwa na yake. Kwao ni Ulyankulu, katika familia ya wakulima waliotoka Burundi. Utotoni alitengeneza magari ya waya na bati, na siku moja akafunga kwenye gari mota iliyotolewa katika redio kaseti mbovu. Gari likatembea lenyewe. Alimsimulia Jeska hayo kwenye simu, sauti ikiwa imebadilika, kama ya mtu mwingine kabisa.

"Likatembea umbali gani?" Jeska aliuliza.

"Hadi kwenye miguu ya baba yangu," alijibu, akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi iliyofuata walilifungua lile gari sebuleni kwa Prosperi. Mota ilikuwa imeungua. Gia zilikuwa zimekatika meno, na panya walikuwa wamekula nyaya. Kazi ilichukua wiki nyingi. Gia walizitoa kwenye printa iliyokufa; betri walibadilisha; bodi mpya Jeska aliikata kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, akailainisha kwa maji ya moto na kuipa umbo. Alikuja na bisibisi zake za miwani, nyembamba kama sindano, na Prosperi alishika mashine ya kuchomelea nyaya kwa mkono usiotetemeka.

"Mwalimu, unanikanyagia springi."

"Samahani, daktari wa macho."

"Usiniite daktari. Niite jina langu."

"Jeska," alisema taratibu, kama mtu anayeonja kitu. "Jeska wangu."

Skrubu aliyokuwa ameishika Jeska ilimponyoka, wakaitafuta wote wawili chini ya kochi huku vichwa vyao vikigongana.

Siku gari lilipoamka lilipiga kelele kama nyuki aliyefungiwa chupani, likakata sebule, likagonga mguu wa meza, likapinduka. Jeska alipiga vigelegele. Prosperi alimziba mdomo kwa kiganja, akicheka, akisema majirani, majirani.

Jumapili baada ya ibada walilipeleka nje ya mji, kwenye njia ya zamani ya misafara inayokwenda Kwihara, ambako mchanga ni mwekundu na watu ni wachache. Prosperi alilibeba ndani ya mfuko wa salfeti. Kila ilipotokea baiskeli alilirudisha mfukoni na kusimama kama mtu anayengoja usafiri. Jeska aliliona hilo. Hakupenda, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Prosperi, na jua lilikuwa zuri, akaliacha lipite. Hata mwenye duka alipomtaka ahamie Kaliua kusimamia tawi jipya, Jeska alikataa bila kufikiri mara mbili.

Kisha ikaja alasiri ile. Jeska alikuwa ameketi sakafuni kwa Prosperi, khanga kiunoni, mikono imejaa grisi, gari limelala chali mapajani mwake. Mlango ulikuwa wazi. Waliingia bila hodi, kama wanavyoingia watu wa nyumbani: mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, macho yake yanatoka machozi kwa jua, na nyuma yake mzee mwenye koti na kofia mkononi. Ni Mama Esperansi, mama yake Prosperi, na Mzee Reveriani, baba yake mdogo. Walikuwa wametoka Ulyankulu asubuhi.

"Shikamooni," alisema Jeska, akiinuka.

"Marahaba," walijibu. Mzee Reveriani alilitazama gari, akamtazama Jeska, akamgeukia Prosperi. "Mwanangu, huyu mgeni ni nani?"

Jeska alingoja. Alifurahi, maana alijua siku hii ingekuja.

Prosperi alifuta jasho. "Huyu ni fundi tu, baba. Amekuja kutengeneza gari la mtoto wa jirani."

Jeska alihisi uso umemwaka, kisha ukapoa kama uliomwagiwa maji. Alikusanya bisibisi zake moja moja. Aliliweka gari juu ya meza.

"Gari la mtoto limepona," alisema kwa adabu. "Mwambieni asilipeleke kwenye maji. Kwaherini."

Alitembea hadi barabarani kwa mwendo wa kawaida. Bodaboda alimwita, hakusikia.

Simu ililia jioni yote. Alipokea kesho yake, mchana, akiwa peke yake dukani.

"Jeska, nisamehe. Nilishtuka."

"Ulishtushwa na nini? Mimi, au gari?"

"Vyote viwili."

"Asante kwa kusema kweli."

"Mpenzi, nisikilize. Wamekuja na habari za Imakulata, binti wa jirani yetu kule. Wanasema umri unakwenda. Sasa wananikuta na gari la kuchezea sebuleni! Unajua baba yangu aliyafanya nini magari yangu? Aliyatupa motoni mbele yangu, yote aliyoyaona. Alisema anachoma ujinga wangu."

Jeska alifumba macho. "Pole, Prosperi. Sikujua. Lakini baba yako hayupo tena duniani. Aliyenikana jana ni wewe."

"Nipe muda kidogo."

"Muda wa kunificha wapi? Kwenye salfeti?" Alisukuma droo ikajifunga. "Gari nililinunua mimi. Niletee kesho dukani. Jumatatu nahamia Kaliua."

Prosperi alisema kwa sauti ndogo: "Ulisema umekataa."

"Nilikataa kwa ajili yako," alisema, akakata simu.

Kesho yake duka lilijaa. Jeska alikuwa akimpa mama mmoja miwani ya mwanawe wakati pazia la mlangoni liliposogea na Mzee Reveriani akaingia akimwongoza Mama Esperansi kwa kiwiko. Jirani alikuwa amewaelekeza kwamba hapo wanapima macho. Hawakujua ni kwa nani.

Jeska angeweza kumwita mwenzake. Badala yake alimketisha mama kwenye kiti, akamvalisha fremu ya kupimia, akaanza kubadilisha vioo. Nyuso zao zilikuwa karibu sana.

"Hiki, au hiki?"

"Hicho." Mama Esperansi alimtazama kupitia vioo. "Wewe ndiye fundi wa gari la mtoto wa jirani."

"Ndimi, mama."

"Mtoto huyo ni wa nyumba ipi? Tangu nimefika sijasikia hata mtoto akilia pale."

Mkono wa Jeska ulisimama hewani. Neno moja tu lingetosha kumwaibisha Prosperi kama alivyomwaibisha yeye, na alilitamani neno hilo hadi likamchoma ulimi.

"Mama, hilo muulize mwanao," alisema. "Mimi siwezi kukudanganya, wala sitamsemea."

Ndipo Prosperi alipoingia, salfeti mkononi, akamwona mama yake kitini. Akasimama pale pale.

"Habari za kazi, Mwalimu!" alisema yule mama mwenye miwani ya mwanawe. Kumbe mwanawe alisoma shuleni kwa Prosperi.

"Nzuri," alijibu bila sauti.

"Umebeba nini?" aliuliza Mzee Reveriani.

Prosperi alimtazama Jeska. Jeska hakumsaidia. Alijiambia: akisema tena habari za mtoto wa jirani, nitampokea mfuko huo, na sitalitaja jina lake maisha yangu yote.

Prosperi aliingiza mkono kwenye mfuko, akalitoa gari, akaliweka juu ya kioo cha meza, mbele ya wote. Vumbi jekundu likadondoka.

"Ni gari la kuchezea," alisema. "Hakuna mtoto wa jirani. Ni mimi ninayelichezea, mimi na Jeska."

"Jeska ndiye nani?"

"Ni huyu. Niliwaambia ni fundi tu. Nilidanganya kwa woga. Ni mwanamke ninayempenda, baba, na Imakulata sitamwoa. Niliona haya kuitwa mtoto. Sasa naona haya kwa nilichomfanyia yeye."

Mzazi wa mwanafunzi aliziba mdomo kwa ncha ya khanga. Mama Esperansi, fremu ya kupimia ikiwa bado usoni, alinyoosha mkono akayapapasa magurudumu.

"Baba yako alipokuwa akiyachoma," alisema polepole, "wewe kesho yake ulikuwa ukiokota waya na bati nyuma ya ghala. Ulidhani nani alikuwa akiziweka pale?"

Prosperi alimgeukia mama yake. Macho yalimjaa machozi. Jeska aliona, na kitu kifuani mwake kilichokuwa kimekaza tangu juzi kikalegea kidogo. Kidogo tu.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Lakini Kaliua nakwenda. Sitakataa kazi tena kwa ajili yako."

"Nenda. Nitapanda treni nikufuate kila nikipata nafasi. Usiniache tu, Jeska."

Mzee Reveriani alikohoa, akaigeuza kofia yake mkononi.

"Binti, unasali wapi?"

"Moravian, baba."

"Aa. Si kanisa letu. Hilo tutalizungumza." Aliwaza. "Na kwenu ni wapi?"

Jeska alijua mzee haulizi ili aelekezwe njia. Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti la kazi, akaivaa tena, apate kumwona Prosperi vizuri: shati limechafuka grisi kifuani, na safari hii haangalii nyuma.

"Ni hapa hapa mjini, baba. Karibu na stesheni. Mzee wangu amestaafu, hatoki nyumbani, mtamkuta. Jumapili baada ya ibada itafaa. Mkichelewa, Jumatatu nimeshaondoka."

"Hatutachelewa!" alidakia Prosperi.

"Wewe nyamaza," alisema Mama Esperansi, akimgeukia na vioo vyake viwili vya kupimia. "Wewe utabaki nyumbani na gari lako. Posa hupelekwa na watu wazima."

Jeska alicheka, kwa mara ya kwanza tangu juzi, hadi akashindwa kukishika kioo alichokuwa akikibadilisha.