Huhana Alivyoilalamikia Redio

Kila Jumamosi Huhana hukaanga bajia za kome sokoni. Mumewe, Rawiri, ndiye huchuma kome pwani.

Jumatatu moja asubuhi, mtangazaji wa redio ya mji wao alisema, "Bajia za Huhana? Ngumu kama soli ya kiatu! Na wakaguzi wa afya wameshamfungia."

Haikuwa kweli. Mkaguzi alikuwa amekuja, akala bajia tatu, akamsifu na kumpa cheti. Lakini Jumamosi hiyo Huhana alirudi nyumbani na beseni bado limejaa bajia.

"Wateja wakiacha kuja, nitafunga," alisema.

Rawiri akaiandikia barua Mamlaka ya Viwango vya Utangazaji, inayosikiliza malalamiko dhidi ya redio, kule Wellington, mji mkuu wa New Zealand. Barua ikarudishwa bila kushughulikiwa. Wakaipeleka kwa jirani yao Beryl, aliyewahi kuwa karani wa redio.

Beryl akaisoma, akacheka. "Rawiri, umeandika mtangazaji ana sauti ya mbuzi?"

"Si anayo, Bi Beryl!"

"Hebu nyamaza," Huhana alisema. "Tufanyeje, Bi Beryl?"

"Mnaanza na redio yenyewe, kwa maandishi, ndani ya siku ishirini za kazi. Mmebakiwa na sita. Tajeni kipindi, tarehe, na kiwango cha utangazaji kilichovunjwa. Msiporidhika na jibu, ndipo mwende kwa Mamlaka."

"Na ile soli ya kiatu?"

"Huo mzaha. Mtu ana uhuru wa kutopenda bajia zako. Mamlaka haipimi hasira yako, mwanangu. Inasikiliza kipindi, halafu inapima: madhara uliyopata, na uhuru wa redio kusema. Kwamba umefungiwa, huo ni uongo, tena hawakukuuliza. Shika hapo."

Wakaandika. Redio ikajibu, "Ulikuwa utani tu."

"Basi tuache," Huhana alisema. "Nitaonekana mgomvi."

"Wewe? Hata paka humkemei!" Rawiri alisema.

Wakapeleka lalamiko kwa Mamlaka, pamoja na cheti cha mkaguzi. Redio nayo ilipewa nafasi ya kujieleza.

Uamuzi ulichukua miezi. Lalamiko la soli ya kiatu lilikataliwa. La kufungiwa lilikubaliwa: redio ilisema uongo, na haikumtendea Huhana haki. Ikaamriwa kusoma taarifa ya uamuzi huo katika kipindi kilekile.

Ilisomwa Jumatatu. Jumamosi foleni ilifika kwenye geti la soko. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye gambuti.

"Mama, nilikuonea," alisema. "Niliamini redio. Nipe nne."

Huhana akamfungia tano.