Sauti ya Bi Mwanamkisi

Kila asubuhi, kabla jua halijaingia vichochoroni, Huwaida alipita wikioni kwenda kumwita Raihana waende shule. Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikaunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Mlango mmoja ulikuwa wa kina Huwaida na wa pili wa kina Raihana. Punda na wapita njia walipita chini, nao wanawake wa nyumba hizo walipita juu, wakiamkuana na kupashana habari bila hata kutafuta buibui.

Humo wikioni ndimo vilimokaa vitu vya wote: kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, jamvi kubwa la shughuli. Sharti lilikuwa moja tu, na kila mtoto alilijua hata kabla ya kujua herufi. Ukitaka kuondoa kitu, upaze sauti kuelekea mlango wa pili, "Natwaa kinu!" Wa upande ule akijibu, "Twaa!" ndipo ukinyanyue. Asiyefanya hivyo alimletea jirani yake balaa, maana jirani angekuja na mchele wake kichwani akute kinu hakipo, na maneno ya siku hiyo yangesikika hadi msikitini.

Lakini asubuhi hii Huwaida hakupita wikioni. Aliteremka ngazi polepole, akatokea mlango wa nje, akaenda shule peke yake. Alikuwa akimkwepa Raihana, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na sababu aliijua yeye tu.

Yote yalianzia katika chumba cha kompyuta. Shule yao hapo kisiwani Pate ilikuwa na kompyuta moja tu yenye nguvu, na Mwalimu Kwamboka, aliyekuja kufundisha kutoka Kisii, alikuwa ameigawanya kwa ufundi. Ndani yake aliunda kompyuta pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya ile ya kweli. Kila kikundi cha gredi ya saba kilikuwa na yake, yenye diski yake ndogo na mtandao wake.

"Humo jaribuni mtakavyo," Mwalimu alizoea kuwaambia. "Mkiharibu, mmeharibu cha ndani tu. Kompyuta ya kweli haitadhurika."

Huwaida aliyapenda maneno hayo kuliko somo lolote, na ndiyo yaliyomponza.

Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana, alichomeka flashi aliyoletewa na binamu yake Musab kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mashindano ya magari. Alipojaribu kuuingiza, kompyuta pepe ya kikundi chao ilimwambia kuwa diski imejaa. Akaanza kutafuta kitu kikubwa cha kufuta, macho yake yakatua kwenye folda iliyoitwa Sauti.

Folda hiyo kila mtu aliijua. Wanafunzi walikuwa wamezunguka mji mzima wakirekodi wazee wakiimba na kusimulia. Miongoni mwao alikuwemo Bi Mwanamkisi, nyanya yake Raihana, aliyeimba nyimbo za kuongolea watoto huku akifukuza kuku waliotaka kuingia sebuleni. Muda mfupi baadaye Bi Mwanamkisi alifariki. Siku hiyo bintiye, Bi Rawiya, ambaye ndiye mama yake Raihana, alikuwa amelazwa hospitalini Amu, yaani Lamu, kwa uzazi mgumu. Alirudi na kitoto cha kiume mikononi akakuta mama yake ameshazikwa. Sauti iliyokuwa ndani ya folda ile ndiyo pekee iliyosalia.

Huwaida aliitazama folda akajiambia, "Hii iliyo humu ndani ni nakala. Ya kweli iko nje." Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Ajabu ni kwamba diski haikupata nafasi hata chembe. Mchezo ulikataa kuingia vilevile. Huwaida alinung'unika, akachomoa flashi yake, akaenda zake kucheza nage.

Kesho yake vikundi vyote viliikuta folda ya Sauti tupu, kila kimoja katika kompyuta pepe yake. Huwaida alishtuka. Kama kweli angekuwa amefuta nakala yake tu, vipi za wenzake nazo zingetoweka? Alielewa papo hapo kwamba amefanya jambo kubwa. Alifungua kinywa aseme, lakini Mwalimu Kwamboka akamtangulia.

"Njia ya kufikia folda imekatika," Mwalimu alisema. "Na aliyekuwa akichezea mipangilio ya mtandao juzi namjua. Shuaib!"

Shuaib alisimama. Ni kweli siku chache nyuma alikuwa amejaribu kuzifanya kompyuta pepe mbili zipelekeane ujumbe, akaukata mtandao wa darasa zima.

"Mwalimu, wallahi safari hii si mimi."

"Utakaa nje ya chumba hiki mpaka nipate nafasi ya kurekebisha."

Huwaida akafunga kinywa chake. Tangu hapo kila kipindi cha kompyuta alipita mbele ya Shuaib aliyekaa kizingitini na kitabu mapajani, na kila mara alitazama pembeni. Aliona haya, na haya yenyewe ilimzidishia woga.

Jana jioni ndiyo iliyommaliza kabisa. Alikwenda kwa kina Raihana kwa sababu aliitwa, akatengewa wali wa nazi na samaki, akawa anakula bila kuhisi ladha. Bi Rawiya alikuwa akimtembeza mtoto begani, naye mtoto analia tu.

"Huwaida, mwanangu, hiyo ndia ya kompyuta yenu haiyatengenea?" aliuliza. "Raihana anambia flashi amekwisha kuiweka tayari. Nataka kumsikia mama. Huyu mtoto simuongoi mimi. Kila nikitaka kuimba, koo lanikaba."

"Mwalimu ataitengeneza njia, Bi Rawiya," Huwaida alijibu. Akaisukuma sahani, akaomba maji. Usiku mzima alijigeuza kitandani, na ndiyo sababu asubuhi hakuweza kupita wikioni.

Sasa alikuwa ameketi katika chumba cha kompyuta, na Raihana ameketi ubavuni pake. "Mbona hukunipitia?" Raihana alimnong'oneza. Huwaida alisingizia kuumwa na kichwa.

Mwalimu Kwamboka alikuwa na furaha siku hiyo, maana mtandao ulikuwa na kasi. "Napakua video za sayansi kwa ajili ya gredi ya tisa," alisema. "Ni nzito, zitachukua muda. Tuendelee na somo la diski." Kwenye skrini kubwa mstari wa kijani ukaanza kutambaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

Raihana akanyoosha mkono. "Mwalimu, kitu kikifutwa huenda wapi?"

"Swali zuri. Mara nyingi hakiendi popote, hasa katika diski kama hii yetu. Kompyuta husahau tu kwamba pale pana kitu, ikapahesabu kuwa pa wazi. Kitu chenyewe hukaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukiwahi kuacha kutumia diski, unaweza kukirudisha. Ukiendelea kuhifadhi mambo mapya, unakifunika kidogo kidogo mpaka kinapotea kabisa."

Huwaida alitazama mstari wa kijani. Ulikuwa umefika robo. Akakumbuka michoro ambayo darasa lote lilihifadhi juzi, na picha za michezo ambazo Mwalimu aliweka jana. Siku zote alidhani kunyamaza kwake hakuongezi wala hakupunguzi, kwamba lililofanyika limefanyika. Kumbe kila siku aliyonyamaza, sauti ya Bi Mwanamkisi ilikuwa ikifunikwa. Mstari ukasogea tena. Alijikuta amesimama.

"Simamisha, Mwalimu! Tafadhali simamisha! Njia haikukatika. Niliifuta mimi folda ya Sauti. Ni mimi, si Shuaib."

Mwalimu Kwamboka hakuuliza swali hata moja. Aliusimamisha upakuaji, akafungua folda yenyewe katika kompyuta ya kweli, akaikuta tupu. Hapohapo akaizima kompyuta.

Raihana alimgeukia rafiki yake. "Ulikuwa wajua?"

"Nilijua."

"Hata jana, ulipokuwa wala wali kwetu na mama akikuuliza?"

Huwaida aliinamisha kichwa. Raihana akakusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Mwalimu alikwenda mlangoni akamwita Shuaib aingie. "Nilikuhukumu kabla ya kukagua," alimwambia mbele ya wote. "Nilipaswa kuangalia folda yenyewe kwanza, nami nikashikilia kuwa ni mtandao kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Tena sauti za wazee nikaziweka mahali pamoja tu, bila akiba. Makosa hayo ni yangu. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mwalimu," alijibu Shuaib, ingawa macho yake yalimtazama Huwaida, na Huwaida alitamani sakafu ipasuke immeze.

Baada ya masomo, Mwalimu aliifungua kompyuta, akaitoa diski yake na kuiunganisha na kompyuta yake ya mkononi. Kisha akawasha programu ya kutafuta vilivyofutwa. "Tutakavyovipata tutaviweka kwenye flashi nyingine," alimweleza Huwaida, aliyeamriwa akae hapo aone. "Tukivirudisha kwenye diski hiihii, tutafunika hata vile ambavyo havijafunikwa."

Walingoja sana. Jina moja likajitokeza, kisha jingine. Kila lilipojitokeza Huwaida alisema alhamdulillah kimoyomoyo. Nyimbo zote za Bi Mwanamkisi zilirudi, isipokuwa wimbo wa mwisho. Huo ulisikika hadi katikati, kisha ukakatika. Mwalimu alijaribu tena na tena, akatikisa kichwa.

"Nusu yake imeshafunikwa," alisema. "Bi Rawiya utamweleza wewe mwenyewe. Mimi nitakusindikiza."

Alasiri hiyo walikusanyika wikioni, mahali penye upepo: Mwalimu, mama yake Huwaida, Bi Rawiya na mtoto wake, na Raihana aliyekaa karibu na mlango wa kwao bila kumtazama mtu. Huwaida alisimulia yote, na hakuficha hata ule mchezo wa magari.

"Nilidhani ni nakala," alimalizia.

"Haikuwa nakala," alisema Mwalimu kwa upole. "Folda ile iko mahali pamoja, nje, ila nimeifungulia mlango ndani ya kila kompyuta pepe. Ni chumba kimoja chenye milango mingi. Ndiyo maana diski yako haikupata nafasi ulipofuta, kwa kuwa hukuondoa kitu chako. Uliondoa cha wote."

Bi Rawiya alikitazama chumba walichokaa, kinu pembeni, mbuzi ya nazi ukutani. "Basi ni wikio," alisema. "Nawe umezaliwa ndani ya wikio, Huwaida. Ulitwaa, wala hukusema."

Huwaida alilia. Hakuna aliyemkataza.

Mwalimu akabonyeza, na sauti ya Bi Mwanamkisi ikajaa chumbani, ya kukwaruza kidogo lakini changamfu. "Shii! Kuku hawa!" ilifoka katikati ya wimbo, na Bi Rawiya akacheka huku machozi yakimtiririka. Walisikiliza wimbo baada ya wimbo. Ukafika wa mwisho, ule wa "Nyamaa, kinda langu, nyamaa." Ghafla ukakatika.

Mtoto, aliyekuwa ametulia, akaanza kulia. Bi Rawiya alimpandisha begani, akameza mate, akauchukua wimbo pale pale mama yake alipouachia. Mwanzoni sauti ilimkwama. Kisha ikafunguka, na akaimba nusu ile iliyopotea mpaka mwisho, mtoto akisinzia begani. Mwalimu Kwamboka alikuwa ameshaiweka simu yake kwenye jamvi, akirekodi.

Bi Rawiya alipomaliza alimwita Huwaida asogee karibu. "Ndoo hapa, mwanangu. Nisikiliza. Kukosea, sote twakosea. Kidole chako kilifuta siku moja, na siku ile ile ungelisema, wimbo huu ningeliupata mzima kwa sauti yake. Ile nusu hukuifuta kwa kidole. Umeifuta kwa kunyamaa. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema papo hapo, hata kama miguu yatetema, maana kunyamaa kwako kwazidi kuharibu na wewe huoni."

"Nimesikia, Bi Rawiya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Raihana ana moyo wake, mngoje."

Huwaida alingoja. Alimwendea Shuaib kwao akamwomba radhi, na kila mapumziko alikwenda chumba cha kompyuta kumsaidia Mwalimu kuweka akiba ya sauti zote kwenye flashi tatu, moja ikakabidhiwa Bi Rawiya. Mlango wa kina Raihana upande wa wikio ulibaki umefungwa. Asubuhi Huwaida alipita wikioni vilevile, akagonga, asipojibiwa akaenda zake shule.

Ijumaa moja alikuwa jikoni akimsaidia mama yake kupepeta mchele aliposikia komeo la mlango ule likifunguliwa. Akaacha ungo, akatega sikio.

"Natwaa mbuzi!" Raihana aliita.

Machozi yalimtangulia Huwaida. Mama yake akamsukuma begani.

"Twaa!" aliitika kwa sauti yake yote.