Mwanga Chini ya Mlango

Mama Pacha alikuwa mshona mablanketi. Alishonea nyumbani. Upande mmoja wa chumba palikuwa na jiko, upande wa pili cherehani. Mapacha wake, wa kike na wa kiume, walikuwa wameanza kutambaa. Ukimtoa mmoja chini ya meza, mwenzake yuko kwenye ndoo ya maji.

Mwaka ule baridi iliingia mapema, na haikuja peke yake. Kwanza Mama Pacha alisikia mikwaruzo ukutani. Kisha aliona vinyesi vidogo vyeusi nyuma ya gunia la unga. Asubuhi moja alikunjua blanketi la mteja, akakuta limetobolewa pembeni.

"Baba Pacha, panya wametuhamia," alimwambia mumewe, aliyekuwa mwoka mikate.

"Wametuhamia bila hata hodi?" Mumewe alicheka. "Niachie mimi."

Alinunua sumu, vipande vya rangi ya buluu. Akavitupa nyuma ya kabati, akajiona amemaliza kazi.

Siku iliyofuata Mama Pacha alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Ghafla aligundua kwamba watoto wamenyamaza. Akageuka. Binti yake alikuwa amekaa kando ya kabati. Ameshika kitu cha buluu, na mkono unaelekea mdomoni.

"Mungu wangu! Acha!"

Alimrukia, akampokonya. Mtoto akalia, mama naye akalia. Jirani yao alisikia ukelele, akaja mbio. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji, mwanamke wa makamo. Mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba.

"Amemeza?" aliuliza.

"Sijui, dada! Sijui!"

Fundi alimfungua mtoto mdomo, akachungulia vizuri. Akakitazama na kile kipande. Kilikuwa kizima na kikavu.

"Hajakionja," alisema. "Angemeza hata chembe, tungekimbilia hospitali sasa hivi, na pakiti ya sumu mkononi. Hatungoji mtoto aumwe kwanza. Haya, tumnawishe mikono kwa sabuni."

Baba Pacha aliporudi mchana, alimkuta mkewe na Fundi bado wamekaa na watoto. Alipoambiwa, alimbeba binti yake kwa muda mrefu. Kisha akaokota vipande vyote vya sumu, kimoja kimoja, akavifungia mahali pa juu.

"Sasa tufanyeje, Fundi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyinyi mnaua panya, lakini njia mmeiacha wazi. Huyu akifa, mwingine anaingia. Wanakimbia baridi kama sisi. Hebu tuzibe madirisha kwa mablanketi."

"Mchana huu?"

"Ndiyo, mchana huu, jua likiwa kali."

Waliziba madirisha, wakafunga mlango. Chumba kikawa giza. Walisimama, kila mzazi na mtoto wake kifuani.

Polepole macho yalizoea. Mama Pacha akaona mstari wa mwanga chini ya mlango, umenyooka kama uzi wa fedha. Akaona duara dogo linang'aa pale bomba lilipoingia ukutani. Juu, karibu na paa, vitone vya mwanga vilitapakaa hapa na pale. Mtoto wa kiume alinyoosha kidole, akacheka.

"Jamani!" Mama Pacha alinong'ona. "Nyumba yangu hii hii?"

"Hii hii. Kila penye mwanga pana tundu," Fundi alijibu. Aliingiza kidole chake kidogo kando ya bomba. "Panya anapita hapa."

"Panya mzima?"

"Mzima na mkia wake. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la upana wa kalamu. Kichwa kikipita, mwili unafuata."

Walifungua madirisha, wakasogeza kabati. Nyuma yake palikuwa na kiota. Kilikuwa cha mviringo kama bakuli, kimesokotwa kwa nyuzi nyekundu, kijani na nyeupe. Zote zilitoka cherehani kwake! Mama Pacha alishika kiuno. Alikuwa na hasira, lakini alishindwa kuondoa macho. Kazi safi namna ile, bila mikono, bila sindano!

Alichukua ufagio. Fundi akamzuia.

"Usifagie uchafu huu ukiwa mkavu, shoga yangu. Vumbi la vinyesi vya panya huleta maradhi. Toa watoto nje, acha hewa ipite. Vaa glovu, lowesha kwa maji ya dawa ya klorini, ngoja kidogo, ndipo ufute. Kila kitu kwenye mfuko, ufunge, kisha unawe."

Baada ya usafi, kazi ikaanza. Tundu la bomba walilijaza waya wa kusugulia sufuria, wakapaka saruji juu yake.

"Saruji peke yake wanaweza kuichokonoa ikiwa mbichi," Fundi alieleza. "Waya unawashinda."

Chini ya mlango Baba Pacha alipigilia kipande cha mpira. Matundu ya hewa karibu na paa hawakuyaziba, waliyawekea wavu wa chuma wenye macho madogo. Unga ulihamia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kuni zilizoegemea ukuta zilisogezwa mbali. Mitego waliitega ndani ya kabati lenye kufuli, watoto wasiifikie. Panya waliobaki ndani walipenya chini ya mlango wake, wakanaswa. Baada ya siku chache mikwaruzo ikakoma.

"Labda wamejiondokea tu," Baba Pacha alisema.

Fundi alicheka. "Mwaga majivu laini nje, kando ya ukuta. Asubuhi ukatazame."

Asubuhi walitoka wote, watoto wamefunikwa gubigubi. Baba Pacha alichuchumaa, akavua kofia yake ya kazini.

Kwenye majivu palikuwa na nyayo ndogo mno, ndogo kuliko vifungo vya shati la mtoto. Zilifuata ukuta. Mlangoni zilisimama. Kwenye bomba zilijazana, kama za mtu aliyezunguka pale akitafuta na kutafuta. Zikapita chini ya dirisha, zikazunguka nyumba nzima. Mwishowe zilielekea kwenye nyasi, zikapotea.

"Amekagua kila mahali," Baba Pacha alinong'ona. "Kiumbe kidogo hivi!"

"Na hakupata pa kuingia," mkewe alisema.

Walisimama pale hadi baridi ikawauma miguu. Kisha wakaingia ndani, wakafunga mlango, wakawaweka mapacha sakafuni watambae watakavyo.