Sukari ya Kidoleni

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameshamenya machungwa ishirini kwenye meza yake ya biashara. Maganda yalitoka utepe mmoja mrefu, huku mdomo wake ukiwatania wateja. Binti yake alisimama pembeni na mashine ya kupimia sukari.

"Leta kidole, mama."

"Huyo mpelelezi wako hachoki kuninyonya damu? Marehemu baba yako kaniachia kisukari, kaniachia na mpelelezi!"

Mama alijifuta mkono kwenye aproni. Binti akamtoboa, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia. Mashine ikaandika ishirini na moja.

"Mama! Umekula nini?"

"Uji mtupu, mwanangu. Haki ya Mungu."

"Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Karatasi ya daktari ilieleza: sukari ikipanda hivi, sindano iwe hivi. Binti akaifuata. Alimdunga dozi kubwa ya insulini, dawa ya kushusha sukari, kama alivyokuwa akimdunga baba.

Haikupita saa moja, jasho likamtiririka mama. Mikono ikatetemeka. Akachukua chungwa lililokwisha kumenywa, akaanza kulimenya tena. Kisha akaanguka, na machungwa yakabingirika hadi barabarani.

Hospitali walipima wakakuta moja nukta nane. Sukari ilikuwa karibu kumwishia mwilini. Walimtundikia dripu, na mchana akafumbua macho. Binti alilia kwa aibu na woga, kwa sababu sindano ile aliidunga yeye.

Mtaalamu wa maabara, mwanamke asiyecheka ovyo, alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuinua mkono wa mama akaunusa, kisha akamgeukia binti.

"Dada, wewe una kisukari?"

"Hapana."

"Kanawe kwa sabuni, ujikaushe vizuri."

Alimpima binti: tano. Kisha akampa chungwa alimenye, ajifute kwa kitambaa. Alimpima tena kidole kingine. Kumi na saba.

Binti aliitazama mashine, asiamini macho yake.

"Unaona huu mstari mweusi kwenye kijiti?" mtaalamu alisema. "Ni kaboni, ndugu yake mkaa. Ila hii imetengenezwa kuwa mirija midogo mno, hata unywele ni gogo mbele yake. Juu yake imepakwa dawa inayokamata sukari. Dawa ikiikamata, umeme kidogo sana hutokea. Kaboni inaupitisha, mashine inaupima. Sukari nyingi, umeme mwingi."

"Basi mbona ilidanganya?"

"Haikudanganya. Kijiti hiki kina hisia kali, tone dogo tu linakitosha. Lakini hakitofautishi sukari ya damu na sukari ya chungwa. Kinapima ulichokipa."

"Aproni haitoshi?"

"Haitoshi. Hata pamba ya spiriti si ya kutegemea. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha ujikaushe. Na namba ikikushangaza, usikimbilie sindano. Nawa, pima upya."

Binti aliliweka chungwa mezani.

"Baba naye alikuwa akimenya machungwa," alisema. "Siku ya mwisho mashine iliandika ishirini na nne. Nikamdunga. Akaenda kulala, hakuamka. Walisema ni ugonjwa."

Mtaalamu alimshika bega. "Hatuwezi kujua, dada. Na hakuna aliyekufundisha."

Maneno hayo hayakumpunguzia kitu.

Sasa pana ndoo yenye koki kando ya meza ya machungwa, sabuni na taulo safi. Mama hapimwi kabla ya kunawa. Miezi mitatu imepita na hajaanguka tena. Siku moja alinawa harakaharaka, mashine ikaandika kumi na tisa; akanawa upya, ikaandika nane.

Lakini binti humwosha mama kidole kimoja kimoja, kisha hurudia. Asubuhi moja alikuwa akirudia mara ya tatu.

"Utanichuna ngozi," mama alisema.

"Vumilia kidogo."

Mama alimtazama usoni, na utani ukamtoka.

"Mkono wangu umetakata tangu mara ya kwanza, mwanangu. Huo unaouosha sasa ni wa baba yako."

Binti alilia palepale, mbele ya wateja. Mama alimwacha alie. Kisha akajikausha kwa taulo, akanyoosha kidole.

"Haya, pima."

Saba nukta mbili.

Mama alichukua kisu, akaendelea kumenya.