Kilichokula Unga

Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, mshonaji alichora mstari wa mkaa ndani ya debe, pale unga uliobaki ulipofikia. Kila jioni alikuta unga uko palepale kwenye mstari. Hakuna aliyeugusa. Hata hivyo mshahara wa Jumamosi, uliokuwa ukiwalisha wiki nzima, sasa uliisha Jumatano.

Mchana nyumbani alibaki mama mkwe peke yake. Alihamia kwao mwaka huo, na tangu aje ndipo mambo yalipoharibika. Alitembea bila kishindo. Ukigeuka, kumbe yuko nyuma yako, anakutazama tu.

"Kuna kitu kinakula humu ndani," mshonaji alimwambia mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba. "Na kimekuja na mama yako."

Mume akakubali shingo upande: Jumapili mama arudishwe kwao. Mshonaji akaenda kwa jirani kuomba gunia la kufungia vitu vyake. Jirani huyu alipima mizigo ghalani, na mtaa mzima ulimwita Bwana Mizani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza unga wanaununua vipi. Akajibu: kwa kopo, kila jioni, dukani.

Bwana Mizani akapima makopo saba ya unga, ya wiki nzima, akayaweka upande mmoja wa mizani. Upande wa pili akaweka unga ambao pesa hiyohiyo hununua ukinunua kwa gunia. Upande wa pili ukazama.

"Msimamizi wenu kiwandani ana mshahara mkubwa, na kwa gunia analipa bei ndogo," alisema. "Wewe una mshahara mdogo, na kwa kopo unalipa bei kubwa. Kila kitu kikipanda bei, kama mwaka huu, anazidi kukuacha. Hicho ndicho kinachokula kwako, shemeji."

"Pesa ya gunia sina."

"Peke yako huna. Hata mimi sina. Tuchange nyumba nne, tugawane kwa mizani."

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshakunja nguo zake.

"Nilisikia, mwanangu," alisema. "Sikula chenu. Nilikuwa narudisha sahani nusu, watoto washibe."

Mshonaji akamshika mkono. Ulikuwa mifupa mitupu. Ndiyo maana hakuwa na kishindo. Kwa aibu akazirudisha nguo kabatini kwa mikono yake mwenyewe.

Gunia lile aliloliomba la kufungia vitu likaenda kununulia unga. Siku hizi mshahara unadumu mpaka Jumamosi. Na mama mkwe akija jikoni, nyayo zake zinasikika tangu mlangoni.